Kabemba na Karatasi za "Anapona"

Mimi ni fundi cherehani, na sina muda wa filamu. Nasema mapema asije mtu akadhani ninamsifu Kabemba kwa sababu aliniazima CD. Miaka saba kibanda chake kimegusana na changu hapa Kolwezi. Ukuta wetu ni bati moja, na kila risasi iliyopigwa katika filamu zake imepita masikioni mwangu nikipinda sketi za watu. Namfahamu kuliko anavyopenda yeye.

Kabemba alikuwa akiuza na kuazimisha filamu. Wateja wake ni wachimbaji, vijana waliotoka kila pembe ya Kongo kuja kutafuta shaba na kobalti kwa nyundo na mikono yao. Wanalala kando ya mashimo chini ya maturubai, na kila timu ina lecteur yake, kile kimashine kinachofunguka kama kitabu, kioo juu, CD chini. Simu wanazo, lakini simu ni ya mtu mmoja. Lecteur ukiiweka juu ya gunia, watu tisa wanaangalia pamoja.

Wauza CD mtaani kwetu hawakosekani. Kabemba alikuwa na lake: hakuitoa CD yoyote kabla hajaiangalia mwenyewe, na ndani ya kila jalada alitia karatasi aliyoiandika kwa mwandiko mzuri, maana alikuwa mwalimu kabla shule yake haijafungwa. Nilizisoma nyingi nikisubiri wateja. "Mwanzo inalala. Kisha dakika makumi tatu, lamuka. Sauti muzuri." Nyingine: "Uyu mwanamuke analia sana lakini ana haki." Nyingine, ya ngumi za Kichina: "Hadisi hakuna. Miguu iko mingi." Nilicheka peke yangu mpaka nikajichoma sindano.

Tena alipima filamu kwa batri. Batri ya lecteur hushika saa mbili na robo, basi. Filamu ikizidi hapo, wachimbaji wanabaki kwenye kioo cheusi wakati adui ndiyo kwanza ameshika kisu. Kwa hiyo Kabemba aliandika: "Ni murefu. Ruka mwanzo, banaimba tu." Watu walimshukuru kwa hilo kuliko kwa lolote.

Lakini mstari waliousoma kwanza ulikuwa wa mwisho. Hapo aliandika habari za acteur, yaani yule shujaa ambaye filamu nzima inamfuata: anapona au anakufa. Sijui nani aliwaanzishia wachimbaji desturi ile. Timu ikitaka kuingia shimo kesho, leo inaangalia filamu pamoja. Acteur akipona, wanaingia. Acteur akifa, hakuna anayeshika kamba siku hiyo, hata mkubwa wao apige kelele namna gani. Usinicheke, mimi mwenyewe siwezi kukata kitambaa cha harusi siku ya Ijumaa.

Kabemba hakuiamini desturi hiyo, ila aliiheshimu. Aliniambia kwamba mtu anayeingia chini ya ardhi ana haki ya kujua anachoangalia. Kwa miaka saba hakukosea hata mara moja.

Mwaka ule mkewe, Odile, alichoka. Alichoka na vumbi, na malori, na watoto kukohoa, na mume anayetumia siku nzima kuangalia watu wakiuana. Akawachukua watoto wawili, akaenda kwa mama yake Tenke. Hawakugombana. Mkuu wa shule moja ya huko alikuwa ndugu yake Odile, na alikuwa akimwekea Kabemba kazi ya ukatibu mpaka watoto warudi darasani baada ya Noeli. Baada ya hapo angempa mtu mwingine. Kabemba alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena. Alinionyesha shati alilotaka nimpunguzie kola, la kwenda nalo ofisini.

Basi alikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyomponza. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa akimaliza CD za mwisho ili aziuze zote pamoja na kibanda. Umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu. Aliangalia filamu moja ya vita kwa batri ya lecteur isiyojaa, na batri ikafa zikiwa zimebaki kama dakika kumi na moja. Acteur alikuwa amefika mtoni, adui wameisha, mchumba anamngoja ng'ambo. Kabemba alikuwa ameona filamu elfu za namna hiyo. Akachukua kalamu akaandika: "Acteur anapona."

Timu ya Papy ndiyo iliyoichukua. Papy ni PDG, ndivyo wachimbaji wanavyomwita mkubwa wa timu: kijana wa Kasai, mfupi, mwenye sauti ya padri na mikono ya fundi chuma. Kesho yake asubuhi niliwaona wakija watu tisa, wenye matope ya jana. Papy alikuwa ameinua ile karatasi juu.

"Tata Kabemba! Iko mukono yako hii, ao haiko mukono yako?"

"Iko yangu."

"Uliandika anapona. Alikufa! Anavuka mayi, banamupiga mu mugongo, anakufa. Banamuzika na mvua! Sisi tulikuwa na kamba mu mukono, mawe ya matière iko inangaa kule chini, na leo hakuna mutu anakubali kuingia!"

Kabemba alisimama mlangoni akiwa na kijiko cha chai. Angeweza kusema CD imekosewa kiwandani. Hakusema hivyo.

"Batri ilikufa, Papy. Sikuone mwisho. Nilizani tu. Munisamehe."

Hapo wakapandwa na hasira kweli. Mmoja akashika nguzo ya kibanda kuing'oa, na kwa kuwa nguzo ile ni yangu pia, nilitoka na mkasi. Tulikuwa bado tunarushiana maneno pale, saa tatu ya asubuhi, nilipomwona Kalala, ndugu yake Papy waliyemwacha kulinda vitu, akija mbio bila viatu.

"Shimo imeanguka! Yote! Imejifunga mpaka juu!"

Wale watu tisa walihesabiana kwa macho, nikawaona wakifanya hivyo, mmoja mmoja, kisha wakahesabiana tena. Yule aliyeshika nguzo aliiachia taratibu. Papy akakaa chini, palepale kwenye vumbi, karatasi ikiwa bado mkononi.

"Ulijua," akasema.

"Sikujua kitu."

"Ulijua, tata. Uliandika uwongo ili tukasirike, ili tutoke kule, tukuye huku kukugombeza. Ulituita."

"Papy, nasema ilikuwa batri!"

Papy alitabasamu kama mtu anayemsamehe mkubwa wake kwa kuficha jambo. Na mimi nilipomwona akitabasamu hivyo nilijua Kabemba amekwisha.

Kwa wiki moja walimletea unga, kuku, na mbuzi mwenye kamba nyekundu ambaye alikula vitambaa vyangu. Baada ya Papy zikaja timu nyingine, za watu ambao hatukuwafahamu. Hawakutaka CD. Walisimama mbele ya kibanda, kofia mkononi, wakasema, "Tata, tuandikie." Kabemba aliwaeleza habari ya batri mpaka sauti ikakauka. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakasema tena, "Tuandikie."

Ningesema kwamba walimfunga, lakini hakuna aliyemfunga. Siku ya kwanza alipotoka na sanduku kwenda kutafuta gari la Tenke, walimpokea sanduku ili asichoke, wakalirudisha, wakimsindikiza hadi kibandani kwake. Siku ya pili walikaa mbele ya mlango wake watu thelathini, hawakusema neno baya, waliuliza tu nani atawaangalizia filamu. Mama mmoja alimwekea mtoto mchanga mapajani, akamwambia baba wa mtoto huyu anaingia shimoni kesho. Kabemba alimshika mtoto. Nilikuwa nimekasirika sana siku ile, nikawafukuza wote kwa ufagio, na kesho yake wakarudi.

Kisha mvua zikaanza.

Mvua za kwetu zikishika mwezi wa Novemba, udongo wa mashimo hulainika, na kila mtaa una jina la kijana ambaye hakutolewa. Kabemba akaona njia. Alianza kuandika "anakufa" katika kila karatasi. Filamu ya harusi, anakufa. Katuni ya watoto, panya anakufa. Timu zikasoma, zikarudi kulala. Mashimo yakakaa kimya siku nane, na Kabemba akanong'ona kupitia lile bati letu, "Brigitte, sasa nitaweza kusafiri. Bakizoea kukaa, batakaa."

Siku ya tisa Papy alikuja peke yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Tata, sikuye na kelele. Batu ba nyumba yangu bamekula maboga tu siku ine. Utupatie moya tu mwenye kupona. Moya tu."

"Na mvua hii, Papy?"

"Na mvua hii. Sababu njaa nayo inaua, sawa vile shimo, ila polepole."

Papy alipoondoka, Kabemba alikuja kukaa kwenye kiti cha wateja wangu, akaniambia maneno ambayo bado yananiuma. Akiandika "anapona," anamtuma mtu kaburini kwa mkono wake. Akiandika "anakufa," watoto wanalala bila kula kwa mkono wake. Asipoandika chochote, watachukua karatasi nyingine popote. "Haiko mulango hata upande moya," alisema. "Nimezunguka yote."

Basi mimi, mwenye mdomo wangu, nikamshauri. Nilimwambia asimame mbele ya watu wote, aseme ukweli wote, wa batri na wa katuni, bila kubakiza. Watamtukana, watavunja kibanda, nitashona mapazia mapya, na yeye atapanda gari aende kwa mkewe akiwa mtu huru. Niliona ni shauri zuri. Nililirudia mara tatu.

Jumapili baada ya misa, Kabemba alipanda juu ya kiti changu mbele ya watu kama mia moja. Alisema kila kitu. Alisema kwamba hakuona dakika zile kumi na moja. Alisema kwamba kwa siku nane alikuwa akiandika uwongo, akiwaua acteur walio hai, kwa sababu aliogopa. Alisema hana macho mengine ila haya mawili, na haya mawili yaliangalia CD tu, hayakuangalia ardhi hata siku moja. Alipomaliza shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Nilishika mkasi wangu nikingoja jiwe la kwanza.

Papy alivua kofia. "Munasikia?" akawauliza wenzake. "Mu Kolwezi muzima, nani alikwisha kusimama na kusema, mi sikuone? Bakubwa bote banatuambia banaona. Uyu anasema sikuone. Uyu ndio mutu wa kuamini." Kisha akamgeukia Kabemba. "Tata, unasema hauangalie ardhi. Ni vizuri. Kuya uangalie."

Wakampeleka. Sikutegemea kumwona mtu mzima wa miaka arobaini na saba akifungwa kamba kiunoni kwa upole ule. Kabemba anaogopa mashimo. Hata kisima cha nyuma ya nyumba zetu hukizunguka kwa mbali. Wakamshusha akiwa na tochi kichwani, daftari na kalamu. Alikaa huko chini karibu saa nzima. Nilikuwa juu, nimeshika mwavuli usiomsaidia mtu, nikiwaza kwamba ni mdomo wangu uliomtia mle.

Alipotolewa hakuweza kusimama. Lakini karatasi alikuwa ameiandika, kwa mwandiko uleule: "Ukuta ya kushoto inatoka mayi. Udongo unaanguka kidogo kidogo, nimehesabu mara tisa. Kule mwisho batu banachimba chini ya jiwe yenye haishikwe na kitu. Mutu hapone." Papy aliisoma kwa sauti, akaifunga, akaitia mfukoni, na wakahamia shimo jingine. Kabemba akashushwa katika hilo pia. Hilo aliliandikia "anapona mpaka mvua kubwa." Wakachimba siku nne, wakala, mvua kubwa ikaja, wakatoka.

Tangu siku hiyo alishuka kila asubuhi. Mashimo aliyoyakataa mwezi wa Desemba yalikuwa matatu. Moja lilianguka, mawili yamesimama hadi leo. Watu wanahesabu lile moja. Kabemba alikonda, akaanza kukohoa kama watoto wake walivyokuwa wakikohoa, na CD zake zikashika ukungu. Kila jioni alipiga simu Tenke, na kupitia bati nilimsikia akisema, "Wiki iyi, Odile. Wiki iyi nakuya." Mwishoni alikuwa akilisema neno hilo kwa sauti ndogo mpaka nadhani mkewe hakulisikia.

Noeli ikapita. Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Odile alikuja mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, anayevua viatu kabla ya kugombana. Alivua viatu, akamtafuta Papy, akamwambia mbele yetu sote: "Tata Papy, mi sina kelele na wewe. Nina batoto babili benye banauliza baba yabo eko wapi. Jumatatu ile kazi inaenda kwa mutu mwingine. Unirudishie bwana yangu."

Nilidhani Papy atajitetea. Aliinamisha kichwa. Akasema, "Mama, una haki. Umuchukue." Kesho yake asubuhi akawaita vijana, wakafunga vitu vya Kabemba wenyewe, wakabeba mpaka kwenye gari, wakakataa asishike hata mfuko mmoja. Wengine walilia. Nami nililia, sina aibu kusema. Kabemba alipanda akakaa karibu na dirisha, Odile kando yake, akamshika mkono, na uso wa yule mtu ukawa kama umevuliwa mzigo. Niliona kwa macho yangu. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeuziba.

Dereva alikuwa akingoja abiria wawili zaidi. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa la Nzilo, na matone ya kwanza yakaanza kulia juu ya paa la gari. Vijana wa Papy wakasogea chini ya kibaraza, karibu na dirisha, wakaanza kuongea mambo yao. Kalala akauliza kama wanaingia leo. Mmoja akajibu ndiyo, saa sita, jana wameangalia filamu na acteur amepona.

Kabemba akatoa kichwa dirishani. "Nani aliangalia shimo?"

Wakatazamana. "Hakuna mutu, tata. Weye unaenda. Tulirudilia ma-CD ya zamani. Karatasi yako iko mule mu ndani, umeandika anapona."

"Ile niliandika mwaka gani?"

Kalala alifikiri. "Sijue. Ziko mingi. Kila timu iko nazo mu mufuko. Usiogope, tata, ziko za kututosha."

Sijawahi kuona uso ukifunga namna ile. Miaka saba ya karatasi, na watu hawa wangeingia nazo shimoni mvua hii na ijayo, yeye akiwa amekaa ofisini Tenke akiandika majina ya wanafunzi. Kabemba alimgeukia mkewe. Odile alikuwa amesikia yote.

"Kabemba," alisema polepole, "ukishuka hapa, mi sirudie tena Kolwezi."

"Leo tu. Niangalie ile moja, nitafwata na gari ya kesho."

"Kesho ni mvua vilevile."

Abiria wawili walifika, wakapanda, dereva akawasha gari. Nilimpigia kelele abaki ndani. Nilimwita mjinga, nilimwita kwa jina la mama yake. Alishuka bila kuchukua mfuko wowote, akaufunga mlango kwa adabu, akauhakikisha umeshika.

Odile hakugeuka. Gari lilipokata kona ya soko, Kabemba alikuwa tayari amesimama mvuani mbele ya Papy, akimuuliza shimo lina urefu gani.